Virusi vinavyotumwa kwenye tezi dume

Swali: Daktari, baba ana saratani ya tezi dume. Ni kweli virusi vinaweza kuitibu?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Ni kweli, ila bado ni majaribio. Virusi vya adeno, vya jamii inayoleta mafua, hudhoofishwa visizaliane, hupewa jeni ya ziada, kisha hudungwa ndani ya tezi yenyewe. Mgonjwa humeza valasiklovia, vidonge vilevile vya mkanda wa jeshi. Jeni ile huvigeuza vidonge hivyo kuwa sumu inayoua seli za saratani zinapogawanyika, na mabaki ya seli hizo huamsha kinga ya mwili. Desemba 2024 yalitangazwa matokeo ya wanaume 745 ambao saratani yao haikuwa imesambaa: waliopata mionzi pamoja na virusi hivyo, ugonjwa ulirudi kwa wachache zaidi kuliko waliopata mionzi bila virusi. Nakusihi, mzee asiache matibabu yake akiisubiri dawa hii.