SOMO LA WAFANYAKAZI: CHUMBA CHA MGENI, TUANZE VIPI?



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku hizi wako wenzetu viwandani na mashambani wanaolichukua neno hilo kwa maana ya mfukoni: mgeni aje, alale, alipe, na mwenyeji apate cha kuongezea mshahara. Mmoja ana chumba kilichobaki wazi baada ya kijana wake kuoa na kuhama. Mwingine amesikia kwamba chumba kinaweza kutangazwa kwa simu, na mgeni akatoka Kigali, Nairobi au Ulaya akaja kulala siku mbili na kulipa. Wa tatu amekwisha kwenda kuuliza mkopo. Ni huyu wa tatu hasa aliyetufanya tuliandike somo hili.

Tutazungumzia mahali pamoja: kata ya Butare, moja ya kata 18 za wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Msomaji wa Kericho, wa Mufindi au wa Bukavu atabadilisha majina na bei. Hesabu haibadiliki.

1. MGENI ANATOKA WAPI?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo linakuja kabla ya kitanda na kabla ya rangi ya ukuta.

Mwaka 2007 katika mji wa San Francisco, Marekani, vijana wawili waliopandishiwa kodi ya nyumba walitandika magodoro matatu ya kujaza hewa sebuleni kwao wakalaza wageni kwa malipo. Kutokana na jambo hilo ilizaliwa mwaka 2008 kampuni ya Airbnb, ambayo leo inajulikana dunia nzima. Watu hupenda kusimulia habari ya magodoro. Sisi tutazame jambo jingine: siku zile mjini kulikuwa na mkutano mkubwa na hoteli zilikuwa zimejaa. Wageni walikuwapo tayari wakitafuta pa kulala. Mgeni alitangulia, godoro likafuata.

Basi nasi tujiulize: Rusizi huja nani? Kuna msitu wa Nyungwe, wenye kilomita za mraba zaidi ya 1,000. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na Septemba 2023 UNESCO iliuandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni huja kuwatazama sokwe mtu, mbega na ndege. Sehemu yake ndogo iliyojitenga, msitu wa Cyamudongo, iko Rusizi kwenyewe, nayo ina sokwe mtu. Lakini mtalii wa Nyungwe mara nyingi hulala karibu na barabara kuu au karibu na lango la hifadhi, kama pale Gisakura katika wilaya jirani ya Nyamasheke. Hapiti mlangoni pako kwa bahati.

Kuna wageni wengine ambao hatuwahesabu kwa sababu hawavai kofia ya kitalii. Fundi anayeitwa kutengeneza mashine katika kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kule bonde la Bugarama. Mnunuzi wa mpunga wakati wa mavuno. Mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa kata yetu na bado hajapata nyumba. Mtafiti wa misitu. Jamaa waliokuja harusini au msibani nyumba ya bwana harusi ikajaa. Hawa huja mwaka mzima, na habari zao utazipata kwa kuuliza shuleni, zahanati, kiwandani na ofisi ya kata.

Zoezi la kwanza: kwa mwezi mmoja andika katika daftari kila mgeni aliyekuja mtaani kwenu akakosa pa kulala au akalazimika kurudi Kamembe kulala. Kama mwezi umekwisha na daftari ni tupu, umepata jibu lako bila kutumia hata faranga moja.

2. HESABU KABLA YA RANGI

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu. Kila kikundi kiweke bei za kwake.

Kitanda, godoro, mashuka mawili mawili, chandarua, meza, kitasa kipya, kupaka rangi na kutengeneza choo: faranga 400,000.

Bei ya usiku mmoja: faranga 10,000.

Matumizi ya kila usiku: chai ya asubuhi 2,000, maji, sabuni na umeme 1,000. Mgeni akiletwa na kampuni ya kutangaza vyumba kwa simu, kampuni nayo huchukua sehemu yake. Tuseme asilimia 15, yaani 1,500. Jumla ya matumizi ni 4,500. Kinachobaki ni 5,500.

Sasa gawanya 400,000 kwa 5,500. Utahitaji usiku 73 kurudisha fedha zako, kabla ya kusema neno "faida". Ukipata wageni usiku nne kwa mwezi, itakuwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Je, na yule aliyekopa? Akikopa 400,000 kulipa kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi, mwezi wa kwanza atadaiwa 33,333 za deni na 8,000 za riba, jumla 41,333. Chumba chenye wageni usiku nne kimemletea 22,000. Upungufu wa 19,333 utatoka wapi? Utatoka katika mshahara wa kuchuma chai au wa kubeba saruji. Yaani mfanyakazi aliyetaka chumba kimsaidie, sasa yeye ndiye anayekisaidia chumba. Na kama nyumba yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani, hatari si ya kukosa faida tu. Ni ya watoto kukosa paa.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi huisahau. Chumba hicho hicho ukimpangisha mwalimu kwa mwezi, tuseme kwa 20,000, naye akaja na kitanda chake, huna haja ya kutumia zile 400,000. Tofauti kati ya 22,000 na 20,000 ni 2,000. Kwa 2,000 hizo kuna mtu ataamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha maji, atafua mashuka, atasafisha choo na kungoja mgeni aliyechelewa njiani. Tukisema kila usiku wa mgeni una kazi ya saa tatu, usiku nne ni saa 12. Gawanya 2,000 kwa 12 uone ujira wa saa moja.

Na ni nani anayeifanya kazi hiyo? Mara nyingi ni mama wa nyumba au binti mkubwa, baada ya kutoka shambani. Sisi tunaodai kiwandani kila saa ya kazi ilipwe, tusije tukawa waajiri wabaya ndani ya nyumba zetu. Saa zake ziandikwe katika daftari, na malipo yake yatengwe kabla ya kugawana kilichobaki.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: anza na chumba ulichonacho, kwa fedha uliyoiweka akiba, na kwa wageni uliokwisha kuwahesabu. Mkopo usubiri mpaka daftari la miezi sita lionyeshe kwamba chumba kinaweza kuulipa chenyewe.

3. CHUMBA CHENYEWE

Mgeni anayelipa hadai fahari. Anadai mambo machache, lakini anayadai yote.

Usalama: mlango wenye kitasa kizuri na ufunguo wake, na komeo ndani. Usafi: shuka lililofuliwa na kukaushwa juani, choo kisicho na harufu, maji na sabuni ya kunawa. Usingizi: chandarua kisichotoboka, maana bonde la Bugarama ni la joto na malaria ipo. Blanketi pia, kwani milimani upande wa Nyungwe usiku una baridi. Mwanga na umeme wa kuchaji simu. Na kama umeme hukatika, taa ya akiba. Maji ya kunywa yaliyochemshwa.

Kisha ukweli. Usipige picha ya ua la jirani ukasema ni lako. Kama choo kiko nje, sema kiko nje. Kama njia haipitiki kwa gari wakati wa mvua, sema. Mgeni aliyeambiwa ukweli huvumilia. Aliyedanganywa huwasimulia wengine.

Jambo moja ni la Butare peke yake. Mji wa Butare, ule wa chuo kikuu katika Jimbo la Kusini, tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 unaitwa Huye. Na Cyangugu ikawa Rusizi. Lakini watu wengi bado huuita mji ule Butare. Mgeni akisoma "chumba Butare" anaweza kushuka Huye, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe, akabaki usiku stendi na mzigo wake huku wewe chakula kinakupoa mezani. Kila tangazo na kila ujumbe useme hivi: kata ya Butare, wilaya ya Rusizi, Jimbo la Magharibi. Kisha mtajie kituo cha kushukia gari.

4. SHERIA, KODI NA MWENYE NYUMBA

Kwanza, nyumba ni ya nani? Anayekaa katika nyumba ya kampuni au ya shamba la chai asilaze wageni wa kulipa bila ruhusa ya maandishi. Mwajiri anayetafuta sababu ya kumtoa mtu asipewe sababu bure. Mpangaji naye akubaliane na mwenye nyumba. Na kwa nyumba ya mke na mume, wote wawili wakubali.

Pili, mjulishe kiongozi wa mudugudu, na uwe na daftari la wageni: jina, namba ya kitambulisho au pasipoti, siku ya kuingia na ya kutoka. Daftari hili humlinda mwenyeji siku inapotokea matata.

Tatu, kodi. Nenda mwenyewe ofisi ya mamlaka ya mapato, RRA, ueleze kazi unayotaka kuanza na uandikishwe. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni lazima kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya faranga milioni 20 kwa mwaka; wengi wetu hatutafika huko. Lakini kodi nyingine za mapato na za malazi zipo. Uliza ofisini uandike jibu, usitegemee maneno ya baa.

5. SIKU NJIA IKIFUNGWA

Biashara ya wageni hutegemea barabara, mpaka na afya. Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka, na mwezi Juni mwaka huo Rusizi ikafungiwa tena watu wasitoke. Septemba 2024 ulitokea ugonjwa wa Marburg nchini, ukatangazwa kuisha Desemba. Februari 2025 vita vya Kivu vilifika Bukavu, ng'ambo tu ya mto. Katika siku kama hizo mwenye chumba kimoja kisicho na deni hula mhogo wake akalala. Mwenye deni halali.

Ndiyo maana tunakumbushana: usiache mbachao kwa msala upitao. Kazi yako, shamba lako na akiba yako visiuzwe kwa ajili ya kitanda cha mgeni.

6. PEKE YAKO AU PAMOJA?

Mwenye chumba kimoja hawezi kumpokea fundi mkuu na wasaidizi wake wanne. Majirani watano wenye chumba kimoja kimoja wanaweza. Wakikubaliana bei moja, wakatumia simu moja ya kupokea wageni, wakawalaza kwa zamu na kununua sabuni na mashuka kwa pamoja, hawatashindana kushusha bei mpaka wote wapate hasara. Fedha za pamoja ziwekwe Umurenge SACCO, chama cha akiba na mikopo kilichomo katika kila kata tangu mpango ule ulipoanza mwaka 2008, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi.

Pia tutazame upande wa pili. Wafanyakazi wengi wa saruji na chai ni wapangaji. Kila mwenye nyumba akigeuza vyumba kuwa vya wageni wa siku mbili, mfanyakazi atapanga wapi? Huko Barcelona, Hispania, wakazi walilalamika hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2024 meya alitangaza kwamba leseni zaidi ya 10,000 za nyumba za watalii hazitaongezwa muda ifikapo Novemba 2028. Sisi hatujafika huko. Lakini chumba kilichokuwa kitupu kikimlaza mgeni, hakuna aliyeumia. Mpangaji akifukuzwa ili mgeni aingie, mwenzetu ameumia, na hilo tusilifanye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Taja wageni wa aina tatu wanaokuja mtaani kwenu kila mwaka. Huja miezi gani?
2. Fanya upya hesabu ya sehemu ya 2 kwa bei za kwenu. Ni usiku mingapi kwa mwezi ndipo chumba kinampita mpangaji wa mwezi?
3. Katika nyumba yako ni nani atakayefua na kupika? Atalipwa nini?
4. Njia ikifungwa miezi mitatu, deni litalipwa na nani?

Kikundi kikishindwa kujibu swali la nne, kitanda kisinunuliwe bado. Kazi njema, ndugu zetu.