SOMO: Juu ya nini maboga yanaanguka bado madogo?



Kiboga kimetoka, ni kidogo kama kidole. Kisha kinageuka njano, kinaoza, kinaanguka. Wengi wetu tunasema, "Ni ugonjwa," tunabeba pampu ya dawa. Lakini mara nyingi si ugonjwa: ua halikupata chavua, ule unga wa njano wa ua dume.

Mmea wa boga una maua ya namna mbili. Ua dume liko na kikonyo chembamba, na unga ndani. Ua jike liko na kiboga chini yake. Madume ndiyo yanatangulia, kwa hiyo maua ya kwanza yakianguka bila tunda, musiogope. Unga wa boga ni mzito, unanata, upepo hauwezi kuubeba. Anaubeba nyuki. Na ua linafunguka alfajiri. Jua likifika katikati limekwisha kufunga, halifunguki tena.

Mahindi yanafanya tofauti. Dume iko juu, jike ni zile nywele za gunzi, na kila unywele unazaa punje moja. Unga wake ni mwepesi, upepo unaubeba. Ndiyo maana tunapanda mistari mingi pamoja, si mstari mmoja mrefu.

Mmea hautembei kutafuta mwenzake. Tangu zamani za kale ulipata msafirishaji: huyu upepo, yule nyuki. Hivi unachanganya damu na jirani, na kati ya watoto wengine wanavumilia jua, wengine ugonjwa.

Tufanye nini?

1. Musipulize dawa asubuhi, maua yakiwa wazi. Ikilazimu, pulizeni jioni, na musome karatasi ya chupa: dawa zingine zinaua nyuki hata kesho yake.

2. Mukichuma kibwabwa pamoja na maua, muache madume ya kutosha.

3. Nyuki wanakula pia maua ya mutondo na musamba. Tukikata miti yote kwa makala ya Lubumbashi, nyuki watahama. Muache miti karibu na shamba.

4. Nyuki wakikosa, chuma ua dume asubuhi, ondoa majani yake ya njano, pakaza unga katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili.

Zoezi: kesho jua likitoka, simama mbele ya ua moja la boga dakika 10. Hesabu nyuki wanaoingia, ulete hesabu kwenye mkutano wa ushirika. Tutalinganisha mashamba yetu.