Nywele za Mzazi: Kuchambua Kwanza, Maji Baadaye

Unywele mmoja wa kichwani hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika karibu miezi 3, kisha hung'oka wenyewe na mwingine huota mahali pake. Katika kichwa chenye afya, takribani nywele 9 kati ya kila 10 huwa zinakua na moja inapumzika. Ndiyo maana mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na asione pengo. Mimba hubadili hesabu hiyo. Homoni ya estrojeni hupanda na kuzishikilia nywele katika hatua ya kukua, hivyo zile zilizokuwa zidondoke hubaki kichwani. Nywele hujaa, chanuo hutoka safi, na majirani husema mimba imempenda.

Matunzo ya kipindi hiki ni mepesi. Wengi hushauriwa kuacha dawa ya kulainisha nywele na rangi hadi miezi 3 ya mwanzo ipite, na kutozipaka kabisa kichwa kikiwa na vidonda. Kilicho muhimu zaidi hakipakwi kichwani: ni vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Vinywewe kama ilivyoelekezwa, visiteremshwe kwa chai, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Udongo wa kula nao hufanya vivyo hivyo.

Mtoto akishazaliwa, estrojeni hushuka ghafla. Nywele zilizokuwa zimeshikiliwa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi 2 hadi 4 hung'oka kwa pamoja. Ucheleweshaji huo ndio unaowashtua wengi. Mzazi wa Pwani hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wenye pilipili manga, hutunzwa siku 40 nzima, na nywele zimetulia. Zinaanza kutoka arobaini ikishapita na wasaidizi wameshaondoka. Kwa mfanyakazi wa Tanzania, ambaye likizo yake ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, hali hii hugongana na siku za kurudi kazini. Kunyonyesha si chanzo chake, na hakuna sababu ya kumwachisha mtoto ziwa ili kuokoa nywele.

Kwa nywele za kipilipili, hasara kubwa hailetwi na nywele zilizong'oka, huletwa na namna zinavyoondolewa. Unywele ulionyooka ukitoka huanguka sakafuni. Wa kipilipili hubaki umejiviringisha kwenye wenzake ambao bado wana mizizi. Ukitiwa maji, nywele zote hujikunja, na ule uliokufa hukaza fundo. Mwandishi wa makala haya alilijua hilo akiwa ameshachelewa. Mtoto wake alikuwa na miezi 3, kazini alitakiwa Jumatatu, naye Jumamosi alikwenda saluni kufumua rasta alizosukwa kabla ya kujifungua. Rasta ziliondolewa na kichwa kikapelekwa moja kwa moja kwenye beseni, kikasuguliwa kwa shampuu kwa mwendo wa duara. Kilipotoka hapo, kisogo kizima kilikuwa kimeshikamana kama kitambaa. Msusi aliingiza chanuo kwenye mizizi na kuvuta kwenda chini, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akachukua mkasi. Bonge lililokatwa lilijaa kiganja, na nyingi kati ya nywele zake zilikuwa hai.

Kilichookoa zilizobaki ni kuchambua nywele zikiwa kavu, kabla ya tone la maji kuzigusa. Kichwa hugawanywa mafungu 8, kila fungu likafungwa peke yake. Fungu moja hufunguliwa na kupakwa mafuta ya nazi mpaka nywele ziteleze. Vidole huanza kwenye ncha, si kwenye mizizi, na kupanda taratibu. Kidole kikikwama, fundo halivutwi chini. Hutanuliwa kwa pande mbili mpaka unywele mfu ujiachie. Huonekana kwa urahisi, kwa kuwa mwisho wake wa mzizini una kitone kidogo cheupe. Ukishikwa hapo na kuvutwa polepole, hutoka mzima bila kukata jirani yake. Fungu likishakuwa safi husokotwa, ndipo linalofuata lifunguliwe. Kuosha hufanyika nywele zikiwa zimesokotwa hivyohivyo, kwa kubonyeza povu bila kusugua. Mara ya kwanza kazi hiyo ilimchukua mwandishi saa 2, mtoto akiwa mgongoni. Baadaye, kwa kurudia kila Jumapili, ilimalizika kwa dakika 50.

Wauzaji wa mafuta ya kukuza nywele humkuta mzazi akiwa na hofu na humtoza kwa hofu hiyo. Nywele hurudi zenyewe, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12 baada ya kujifungua, na chupa iliyonunuliwa mwezi wa 5 huvikwa sifa zisizo zake. Mafuta ya nazi ya kawaida yanatosha.

Nywele mpya huonekana hasa juu ya paji la uso, fupi na laini, zikikua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Zisivutwe kuingizwa kwenye rasta za kubana. Mzizi unaovutwa kwa muda mrefu hufa, na kipara cha aina hiyo huweza kubaki daima. Zikiendelea kutoka baada ya mwaka, au kukiwa na kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au uzito kubadilika bila sababu, daktari apime damu na tezi ya shingo.

Limebaki la mtoto. Unywele wa mama uliodondoka huweza kuingia kwenye soksi, ukazunguka kidole cha mguu na kukaza hadi damu isipite. Soksi zigeuzwe ndani nje kabla ya kuvalishwa. Mtoto akilia bila kunyamaza, na ameshanyonya na kubadilishwa nepi, akaguliwe vidole vya miguu na mikono kimoja kimoja. Kidole kikiwa kimevimba au kimebadilika rangi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.