PROJEKTA: TUPIME KABLA YA KUNUNUA



Zamani sinema ilikuja kijijini kwa gari. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, watu wakajaa. Siku hizi kikundi cha wanakijiji kinaweza kununua mashine yake ya kuonyeshea picha, yaani projekta, na kuiweka nyumbani au bandani. Mabanda hayo ndiyo watu wanayaita vibanda umiza. Watu hulipa kiingilio, wakatazama mpira na filamu.

Lakini fedha ya kikundi ni jasho la wengi. Ikinunuliwa mashine mbovu, hasara ni ya wote, na ugomvi huanzia hapo. Tunduma ni mji wa mpaka. Bidhaa ni nyingi: nyingine nzuri, nyingine hovyo. Basi tujifunze mambo matano.

1. Mwanga
Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Kwa chumba chenye giza na picha ya upana wa mita 2, lumeni 1,000 za kweli zinatosha. Banda linaloingiza mwanga mchana linahitaji kama 3,000. Angalieni sana! Maboksi mengine huandikwa namba kubwa za uongo. Tafuteni neno ANSI mbele ya lumeni. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika.

2. Nukta
Picha hutengenezwa kwa nukta nyingi ndogo. Projekta nzuri ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Ya bei ndogo huweza kuwa na 800 kwa 480, yaani 384,000 tu. Hapo jina la mchezaji mgongoni halisomeki. Muuzaji akisema, "Hii inapokea 1080," msiridhike. Kupokea siyo kuonyesha. Mwulizeni: mashine yenyewe ina nukta ngapi?

3. Nafasi
Projekta nyingi huhitaji kama mita moja na nusu kwa kila mita moja ya upana wa picha. Mkitaka picha ya mita 2, mashine ikae mita 3 kutoka ukutani. Kwa hiyo pimeni chumba kwanza, ndipo mwende dukani. Kitambaa cha bei kubwa si lazima. Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe unafaa.

4. Taa
Taa ya projekta ya balbu hudumu kama saa 4,000. Mkionyesha saa 2 kila siku, ni siku 2,000, zaidi ya miaka mitano. Mkionyesha saa 6, haifiki hata miaka miwili! Taa za LED huweza kufika saa 20,000. Mkinunua mashine iliyotumika, mwambieni muuzaji awaonyeshe saa ambazo taa imekwisha waka. Nyingi huhesabu zenyewe. Tena jamani, vumbi ni adui. Likiziba feni, mashine hupata joto na kuharibika.

5. Umeme
Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Projekta ya wati 250 ikiwaka saa 2 hutumia nusu uniti. Kwa wiki nzima ni uniti tatu na nusu. Mnaotumia sola, fanyeni hesabu hiyo kabla, msije mkakatikiwa mpira ukiwa dakika ya themanini.

Kabla ya kulipa
Msinunue boksi. Nunueni mashine mliyoiona ikiwaka. Iacheni iwake nusu saa, msikilize feni, mtazame pembe zote za picha. Waende watu wawili au watatu wa kikundi, siyo mmoja. Daini risiti. Mkinunua ng'ambo, Nakonde, piteni forodhani. Njia ya panya inaweza kuwapotezea mashine na fedha pia. Na kama mtatoza kiingilio, ulizeni kwanza ofisi ya utamaduni ya wilaya kuhusu kibali. Sheria ya filamu ipo tangu mwaka 1976.

Rahisi ya leo yaweza kuwa ghali ya kesho. Aliyejua kusoma na kuhesabu asikubali kudanganywa na maandishi ya boksi.

Maswali ya kujadili
1. Banda lina nafasi ya mita 6. Picha itakuwa na upana gani?
2. Projekta ya wati 200 ikiwaka saa 5, itatumia uniti ngapi?
3. Katika kikundi chenu, nani anashika risiti?