Somo la Nyumbani: Wajue Chungu Kabla ya Kuwaua

Mtu wa Munje, au wa kijiji chochote cha pwani upande wa Msambweni, hana haja ya kuelezwa chungu ni kitu gani. Samaki walioanikwa juani, sukari iliyo koponi, tui lililobaki sufuriani, hata uji wa mtoto, vyote hufikiwa na chungu kabla mwenyewe hajageuza uso. Lakini ingawa twawaona kila siku, si wengi wetu tunaojua kuwapambanua. Na asiyewapambanua aghalabu humwua mlinzi wake akamwacha adui. Basi yafaa tuanze kwa kuwajua.

AINA ZAO

Sisimizi ni wale wadogo wafuatanao kwa mstari mwembamba ukutani. Wamo miongoni mwao aina ambayo askari wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili yao. Hao hukaa ardhini, chini ya mawe, kando ya misingi ya nyumba na penye mashina ya minazi.

Siafu hawana makao ya kudumu. Husafiri kwa jeshi kubwa, hasa nyakati za mvua, na askari wenye taya kali hulinda pande mbili za njia. Siafu hao wa kazi ni vipofu. Huongozwa na harufu na kugusana.

Maji moto ni wale wekundu wakaao juu ya miti, ambao hushona majani mabichi kwa nyuzi za watoto wao wakafanya viota. Kila mkwezi wa minazi awajua kwa ukali wao.

Mchwa si chungu kamwe, ingawa watu huwachanganya. Ukoo wake u karibu na mende. Chungu ana kiuno chembamba, mchwa hana. Kumbikumbi, yaani mchwa mwenye mabawa, ana mabawa manne yaliyolingana urefu. Chungu arukaye, mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu mchwa hula nyumba yenyewe, na chungu ni miongoni mwa adui zake wakubwa.

KWA NINI HURUDI

Mama wa nyumba akiona mstari wa sisimizi, huchukua dawa ya kunyunyiza akawaua wote. Kesho yake warudi. Sababu ni hii: chungu aonekanaye nje ni mtumishi tu. Malkia, atagaye mayai, hukaa kiotoni pamoja na wengi wengine. Mtumishi mmoja akigundua chakula, hurudi kiotoni huku akiacha harufu ardhini, na wenziwe huifuata harufu hiyo. Ukiwaua waliomo njiani, malkia atazaa wengine. Usipoifuta ile harufu, njia ingali wazi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, ondoa kiwaitacho. Osha vyombo jioni, usiviache mpaka asubuhi. Sukari, unga na samaki wakavu vitiwe katika vyombo vyenye vifuniko vinavyobana. Maganda ya maembe na vichwa vya samaki vifukiwe mbali na mlango.

Pili, ifute njia. Chukua maji yenye sabuni, pangusa mstari wote tangu kwenye chakula mpaka kwenye ufa watokeako. Maji ya sabuni huwaua na pia huondoa harufu. Kisha ziba ufa huo kwa udongo, chokaa au saruji. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa neno hilo ni kweli tupu.

Tatu, weka miguu ya kabati la chakula katika makopo ya maji yenye sabuni kidogo, wala kabati lisiguse ukuta. Maji hayo yabadilishwe kila siku mbili au tatu, yasije yakawa mazalio ya mbu; kwani haifai kufukuza chungu kwa kukaribisha homa.

Nne, wakizidi, watege ili dawa ifike kwa malkia. Chukua maji nusu lita, sukari vijiko vinne vya chakula, na asidi ya boriki kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukoroge mpaka viyeyuke. Chovya pamba, uiweke kando ya njia yao ndani ya kikopo chenye matundu madogo. Usiongeze dawa ukidhani itafanya kazi upesi: ikizidi, mtumishi hufa njiani na malkia asiipate. Yahitaji subira ya siku nyingi, na muda huo usinyunyize dawa nyingine mahali hapo. Mchanganyiko huu ni sumu. Uwekwe mbali na watoto, kuku na vyombo vya chakula, na chupa yake iandikwe.

Ama mchwa, vunja vijia vyao vya udongo kila uvionapo ukutani, na usiegemeze kuni wala makuti kwenye kuta. Katika kujenga, boriti za mikoko huwashinda mchwa kuliko miti mingi ya kawaida.

SIAFU WAKIINGIA USIKU

Hapa shauri ni moja: okoa roho kwanza. Mwenye miguu hukimbia, lakini mtoto mchanga hawezi, wala mgonjwa kitandani, wala kuku aliyefungiwa tunduni, wala mbuzi aliyefungwa kamba. Watoe hao kabla ya kitu kingine chochote. Usimwage mafuta ya taa na kuwasha moto chini ya paa la makuti. Wengi wamepoteza kwa moto nyumba ambayo siafu wasingaliidhuru. Siafu hawakai. Wakiachiwa nafasi, hupita wakila mende na vitoto vya panya, kisha huenda zao.

MLINZI WA MINAZI

Sasa tutoke nje. Yuko mdudu aitwaye kunguni wa minazi, afyonzaye nazi changa. Nazi hizo huanguka kabla ya kukomaa, au hukua zikiwa na makovu yatoayo utomvu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way aliichunguza minazi ya Unguja, na mdudu huyo akapewa jina la kitaalamu la Pseudotheraptus wayi kwa ajili yake. Ilionekana wazi kwamba mnazi wenye maji moto wengi hauharibiwi sana na kunguni huyo, kwa sababu maji moto humshambulia. Mikorosho nayo hupata ulinzi huo huo. Wachina walikuwa wakitumia ndugu wa maji moto kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Lakini maji moto wana adui, naye ni yule sisimizi wa kichwa kikubwa. Penye wengi wao, maji moto hufukuzwa mitini, na kunguni hurudi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba ardhi iliyopaliliwa ikawa tupu kabisa humsaidia sisimizi huyo, na majani yaliyoachwa chini ya minazi huwasaidia maji moto. Kwa hiyo ua wa nyumba ufagiwe uwe mweupe, ila chini ya minazi majani yafyekwe mafupi tu, yasing'olewe. Kamba zikifungwa kutoka mti hadi mti, maji moto huvuka bila kushuka ardhini kwa adui yao. Wala mkwezi asichome viota vyao. Ajipake majivu mikononi na miguuni, apande asubuhi mapema, ashuke upesi.

SUMU ZA ZAMANI

Zamani dawa kama dieldrin zilimwagwa sana kwa ajili ya mchwa na chungu. Baadaye ilifahamika kwamba hukaa udongoni miaka mingi na kuingia katika samaki, maziwa na miili ya watu. Mwaka 2001 mataifa yaliafikiana mkataba huko Stockholm wa kuzikomesha. Basi usinunue unga usio na jina sokoni, hata ukiambiwa kwamba ni dawa kali. Ukali wake hauchagui kati ya chungu na mwanao.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini kuwaua chungu walio njiani hakuwamalizi?
2. Siafu wakiingia nyumbani, ni nani watolewao kwanza?
3. Je, katika shamba lako mna maji moto? Hesabu minazi yenye viota vyao na isiyo navyo, kisha linganisha nazi zianguazo kabla ya kukomaa.