Saruji ya pozolana na uhai wa nondo

Kabla hujalipia saruji dukani, soma maandishi yaliyochapwa kwenye mfuko. Utakuta kitu kama CEM IV/B 32.5N au CEM II/A 42.5R. Wanunuzi wengi huangalia namba tu, na wengine wameshaambiwa kwamba CEM IV ni ya kupigia lipu basi. Kumbe maandishi hayo yanasema mambo matatu tofauti. CEM II au CEM IV hueleza saruji imetengenezwa kwa nini, 32.5 au 42.5 hueleza nguvu yake ikitimiza siku 28. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: R hushika nguvu mapema, N huenda taratibu.

CEM I ni karibu klinka tupu, asilimia 95 au zaidi. Katika CEM IV/B klinka ni asilimia 45 hadi 64, na sehemu iliyobaki ni pozolana, ambayo kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida ni majivu na mawe ya volkano yaliyosagwa. Hapo ndipo saruji hii inapopata sifa ya urafiki na mazingira. Klinka hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa hadi nyuzi joto 1450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka haitoki kwenye makaa ya tanuru, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Majivu ya volkano yalishachomwa na mlima zamani.

Swali la mwenye nyumba ni jingine: nondo zitadumu humo ndani?

Nondo hazishiki kutu ndani ya zege zima kwa sababu zege jipya lina ualikali mkali, pH 12.5 au zaidi, na ukali huo huzijengea utando mwembamba wa kinga. Kinga hiyo huvunjwa na vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi, hasa pwani. Cha pili ni hewa ukaa ya kawaida, ambayo hupenya polepole na kuushusha ualikali. Kutu ikishaanza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na msukumo wake hulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo ile mipasuko inayofuata mstari wa nondo chini ya boriti, kisha vipande vinaanza kudondoka.

Pozolana ina sura mbili katika vita hivi. Inapokutana na maji, huila chokaa inayoachwa na klinka na kutengeneza gundi mpya inayoziba vitundu vya zege. Chumvi hupata shida kupita, na ndiyo maana kwa jengo la Tanga, Mombasa au Unguja saruji mchanganyiko iliyotunzwa vizuri ni chaguo bora kuliko CEM I. Lakini chokaa inayoliwa ni ile ile inayolinda ualikali. Zege la pozolana likikaushwa mapema, gundi haijakamilika na akiba ya chokaa imepungua, hewa ukaa hupenya upesi kuliko kwenye zege la klinka tupu. Kwa maneno mengine, saruji hii si dhaifu, ila haimsamehe fundi mwenye haraka.

Kwa hiyo maji ya kumwagilia si hiari. Zege la saruji ya kawaida huhitaji siku 7 za unyevu. La saruji mchanganyiko lipe 10 hadi 14, hasa Dodoma na kwingine kwenye upepo mkavu. Kumwaga ndoo asubuhi na jioni huku zege likipauka mchana kutwa ni kujidanganya. Funika slabu kwa magunia mabichi au nailoni, na nguzo uzizungushie magunia mara boksi linapofunguliwa. Mirunda ya slabu nayo isiondolewe kwa mazoea ya juma moja; iache hadi mhandisi aseme, kwani N ya pozolana hukomaa taratibu, na kwenye baridi ya Njombe au Limuru taratibu zaidi.

Maji ya kuchanganyia ni hadithi kinyume. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hivi, yaani ndoo kubwa moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Fundi akiona zege ni zito akaongeza lita 10 ili lishuke kirahisi, ameacha ndani yake vitundu ambavyo hakuna pozolana itakayoviziba. Maji ya kisima cha chumvi na mchanga wa ufukweni visiguse kabisa zege lenye nondo.

Halafu kuna unene wa zege linalofunika nondo, ambao mimi nauweka juu ya aina yoyote ya saruji. Hewa ukaa haipenyi kwa mwendo ule ule. Muda huongezeka kwa mraba wa kina. Zege ambalo lingekinga nondo miaka 40 kwa unene wa milimita 30, ukilipunguza hadi 15 litazikinga miaka 10 tu. Pwani usikubali chini ya milimita 40 kwa sehemu za nje. Vipande vya zege vya kuinulia nondo vipangwe kabla ya kumwaga; kokoto iliyosukumwa chini ya nondo huteleza mara mtu anapoikanyaga.

Watu hupenda kutaja kuba la Pantheon kule Roma, lililojengwa kwa zege la pozolana na limesimama kwa takribani miaka 1900. Ni kweli, ila halina nondo hata moja. Na majivu ya jikoni si pozolana. Usimruhusu mtu akuchanganyie.

Kwa nguzo, boriti na slabu nunua daraja la 42.5, iwe CEM II au CEM IV, kwa kufuata mchoro wa mhandisi. Ukiandikiana mkataba na fundi, taja siku za kumwagilia na nani analipia maji hayo.