Somo la Sita: Kutayarisha Faili la Miamala Kabla ya Kuliingiza Katika Programu ya Hesabu

Lengo la somo

Mwishoni mwa somo hili msomaji aweze kupakua miamala ya akaunti yake ya benki, kuisafisha ili isomeke katika programu ya hesabu binafsi, na kuthibitisha kwamba hakuna hata shilingi moja iliyopotea au kuzuka njiani. Aweze pia kutambua mpaka kati ya marekebisho yanayoruhusiwa na yale yanayomwondolea haki yake.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo mara nyingi limo katika simu au kompyuta, nayo benki humwezesha mteja kupakua miamala yake bila kuinakili kwa mkono. Hata hivyo, faili la benki na programu ya hesabu havikutengenezwa na mtu mmoja. Kila upande una desturi yake ya kuandika tarehe, fedha na alama. Asiyezipatanisha desturi hizo kwanza atapata hesabu nadhifu kwa macho lakini isiyo ya kweli.

1. Aina za mafaili

Benki nyingi hutoa taarifa ya akaunti kwa mfumo wa PDF. Mfumo huo unafaa kusomwa na kuchapishwa, lakini programu nyingi za hesabu haziwezi kuuingiza. Kwa kazi yetu, chagua CSV, ambao ni maandishi matupu: kila muamala una mstari wake, na kila taarifa ndani ya mstari hutenganishwa na nyingine kwa alama ya mkato au nukta mkato. Benki nyingine hutoa pia OFX. Katika OFX kila muamala huwa na namba yake ya utambulisho, hivyo programu huweza kutambua muamala uliokwisha kuingizwa. CSV kwa kawaida haina kinga hiyo, na ndiyo maana somo hili linaihusu zaidi.

2. Kanuni ya kwanza: nakala mbili

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi faili kama lilivyotoka benki, ukilipa jina lenye akaunti na kipindi chake. Hilo ndilo faili asili, nalo lisifunguliwe kwa ajili ya kuhaririwa. Kisha tengeneza nakala ya kufanyia kazi. Ukikosea katika nakala, utarudi kwenye asili. Ukikosea katika asili, huna pa kurudi.

3. Mambo ya kurekebisha

Tarehe. Maandishi 03/04/2024 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itayasoma kuwa tarehe 4 Machi. Hatari ya kosa hili ni ukimya wake: siku zote kuanzia tarehe 1 hadi 12 zinaweza kugeuzwa bila onyo, na ni kuanzia tarehe 13 tu ndipo programu hushindwa kusoma. Iwapo programu inakuruhusu kuchagua mpangilio wa tarehe, chagua siku, mwezi, mwaka. La sivyo, badili tarehe zote ziwe na mwaka kwanza, yaani 2024-04-03, mpangilio usio na utata.

Fedha. Mkato unaotenga maelfu, kama katika 350,000.00, huweza kudhaniwa kuwa mpaka wa safu, na kiasi kikakatwa kuwa 350 tu. Ondoa mikato hiyo pamoja na maandishi kama TZS, ubakize tarakimu na nukta ya senti.

Fedha zilizoingia na zilizotoka. Baadhi ya benki huziweka katika safu mbili, ilhali baadhi ya programu hudai safu moja ambamo fedha zilizotoka hutanguliwa na alama ya kutoa. Soma maelekezo ya programu yako kwanza. Baada ya kuziunganisha safu, chagua muamala mmoja unaoukumbuka vizuri, kama vile mshahara, uhakikishe kwamba umesomeka kuwa pato na si tumizi.

Namba ndefu. Programu za lahajedwali huichukulia kila tarakimu kuwa hesabu. Kwa hiyo huondoa sifuri iliyo mwanzoni mwa namba ya akaunti au ya simu, na namba yenye zaidi ya tarakimu 15 hubadilishiwa tarakimu zake za mwisho kuwa sifuri. Unapofungua faili, iagize programu kuichukulia safu ya namba za kumbukumbu kuwa maandishi.

Mistari isiyo miamala. Jina la mteja, anwani ya tawi, salio la kuanzia, jumla na salio la mwisho huandikwa juu au chini ya orodha. Yaandike masalio hayo mawili pembeni, kisha iondoe mistari hiyo katika nakala. Ikibaki, programu inaweza kulihesabu salio la kuanzia kuwa pato jipya.

Maelezo. Maelezo ya benki huwa mafupi na yenye misimbo. Usiyafute. Ongeza safu yako mwenyewe yenye maneno unayoyaelewa: karo, umeme, nauli, matibabu.

4. Mambo yasiyoguswa

Kiasi cha fedha, siku ya muamala na namba ya kumbukumbu ni ushahidi. Unaweza kubadili namna vinavyoandikwa. Thamani yake usiibadili. Pia usifute muamala kwa sababu tu unafanana na mwingine.

Tuchukue mfano. Akaunti ina salio la kuanzia la shilingi 842,500. Katika mwezi huo miamala ni hii:

Karo ya shule: zimetoka 350,000
Kutoa fedha katika mashine: zimetoka 200,000
Makato ya kutoa fedha: zimetoka 1,500
Mshahara: zimeingia 780,000
Malipo ya umeme: zimetoka 20,000
Malipo ya umeme: zimetoka 20,000

Salio la mwisho kwa mujibu wa benki ni 1,031,000.

Mwenye akaunti anakumbuka kununua umeme mara moja tu. Anadhani mstari wa pili ni kosa la faili, anaufuta, na programu inamwonyesha salio la 1,051,000. Hesabu imependeza, lakini shilingi 20,000 hazimo katika akaunti. Kilichofutwa ni habari ya fedha zilizokatwa mara mbili, na fedha zenyewe hazikurudi kwa kufutwa mstari. Kwa kuusafisha ubao, ameifuta hoja ya dai lake.

Njia iliyo sahihi ni kulinganisha namba za kumbukumbu. Mistari miwili yenye namba moja huenda ikawa mstari uliorudiwa katika upakuaji. Tazama iwapo salio limepungua mara moja au mara mbili. Mistari yenye namba tofauti ni miamala miwili, hata kama siku na kiasi ni vilevile. Iwapo hukuidhinisha mmoja wapo, uache katika hesabu, uuwekee alama ya swali, kisha wasiliana na benki.

5. Fedha zilizohama, si zilizotumika

Fedha unazozihamisha kutoka akaunti yako moja kwenda nyingine zitaonekana katika mafaili mawili: huku zimetoka, kule zimeingia. Ukiziandika kuwa matumizi na pato, utajiona umetumia na kupata zaidi ya ukweli. Ziandike kuwa uhamisho, mara moja tu. Ni vivyo hivyo kwa fedha zilizotolewa katika mashine au kwa wakala: shilingi 200,000 za mfano wetu zimehamia mfukoni na bado hazijatumika. Makato ya 1,500 peke yake ndiyo matumizi, nayo yaandikwe kwa mstari wake ili ujue huduma yenyewe inakugharimu kiasi gani kwa mwaka.

6. Mizani ya mwisho

Kabla ya kuingiza faili, fanya hesabu hii: salio la kuanzia, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka. Katika mfano wetu: 842,500 jumlisha 780,000, toa 591,500, ni 1,031,000. Jibu lisipolingana na salio la benki, usiingize faili. Tafuta tofauti. Ikiwa inagawanyika kwa mbili bila baki, tafuta muamala wenye thamani ya nusu yake, kwani huenda alama yake imegeuzwa. Ikilingana na muamala mzima, huenda muamala huo umeachwa au umerudiwa.

Mwezi unaofuata, pakua kuanzia siku iliyofuata ile uliyoishia. Vipindi vikipandana, miamala ya CSV itaingia mara mbili. Rudia mizani kila mara, kwa sababu wapo miamala wanaochelewa kuandikwa.

7. Usalama na sheria

Faili la miamala hueleza mshahara wako, shule ya watoto wako na hospitali unayotibiwa. Lihariri katika kifaa chako mwenyewe. Usilipeleke katika tovuti usiyoifahamu inayodai kukubadilishia mfumo wa faili bila malipo, wala usiliache katika kompyuta ya umma. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda dhidi ya wanaokusanya na kutumia taarifa zako kinyume cha utaratibu, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe.

Tunasisitiza jambo la mwisho. Faili ulilohariri ni daftari lako la nyumbani. Si taarifa ya benki. Kulirekebisha kwa matumizi yako si kosa. Kuliwasilisha kwa mkopeshaji, mwajiri au ubalozi kana kwamba limetoka benki ni jambo jingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kughushi kwa kutumia kompyuta kuwa kosa la jinai. Panapohitajika taarifa rasmi, iombe benki. Panapohitajika kulalamika, tumia faili asili, uanzie katika benki yenyewe kwa maandishi, na utunze nakala ya barua yako. Usiporidhika na majibu, lipeleke lalamiko lako Benki Kuu ya Tanzania.

Zoezi

1. Pakua miamala ya mwezi mmoja uliopita, uhifadhi faili asili na nakala.
2. Fanya mizani ya sehemu ya 6. Je, jibu linalingana na salio la benki?
3. Tafuta makato yote ya mwezi huo, uyajumlishe. Je, ulijua yanafikia kiasi hicho?
4. Taja muamala mmoja usioukumbuka. Utauliza nini benki, na utaonyesha ushahidi gani?